Muulize Fundi: Toa blanketi kwanza

Mwezi huu barua zimelalia upande mmoja: besi dramu ndogo, hizi kiki za inchi 16 na 18 zinazozidi kuonekana kwenye kwaya, hotelini na kwenye bendi za harusi. Sishangai. Zinapakika kwenye bajaji, hazili nafasi jukwaani, na seti ya mtumba yenye kiki ndogo mara nyingi huuzwa rahisi kwa sababu mwenyewe amechoka kuhangaika nayo. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna maswali ya watu wengine pia.

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga dramu kwenye kwaya ya vijana hapa Tanga. Tulichanga tukanunua seti ya mtumba yenye kiki ya inchi 18. Inalia kama boksi la viatu. Tumelegeza ngozi mpaka ina makunyanzi, ngozi ya mbele tumeitoa kabisa, na ndani tumejaza blanketi kama tulivyoona kwa wenzetu wa bendi. Bado besi hakuna. Mwalimu wa kwaya anasema tuuze, tutafute ya inchi 22. Tufanyeje?
Kijana wa kwaya, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mwalimu, kwa heshima zote, asubiri kidogo. Kiki yenu haina ugonjwa, imezibwa mdomo. Mmeinyang'anya ngozi moja, nyingine mkailegeza mpaka ikakosa nguvu ya kurudi, na kilichobaki mkakifunika blanketi. Kwa matibabu hayo hata kiki ya inchi 24 ingelia vilevile.

Blanketi litoke kwanza. Hili nalisema kibarazani kwangu kila wiki na kila wiki yupo anayenikodolea macho. Tabia ya kujaza vitu ndani ya kiki imetoka studio na kwenye majukwaa makubwa, ambako maiki iko ndani ya dramu yenyewe na fundi mitambo anataka pigo fupi, kavu, ili uzito autengeneze mwenyewe kwenye spika. Tena wanafanya hivyo kwa kiki kubwa, yenye sauti ya kugawa. Yenu haina ya kugawa. Eneo la ngozi ya inchi 18 ni theluthi mbili tu ya eneo la ngozi ya inchi 22, kwa hiyo hata kabla hujaweka mguu kwenye pedali tayari una upungufu wa theluthi nzima. Ukiongeza blanketi linalogusa ngozi, unachosikia ni kinyundo cha pedali kugonga plastiki, basi. Huo ndio mlio unaouita boksi.

Halafu rudisheni ngozi ya mbele. Natumaini hamjaitupa. Ukipiga ngozi ya nyuma, hewa iliyofungiwa ndani inasukumwa, nayo inaisukuma ile ya mbele, na ngozi mbili hizo zinaanza kwenda pamoja. Kinyundo kikishaondoka, ya mbele ndiyo inayoendelea kuvuma. Kwenye kiki kubwa iliyowekewa maiki unaweza kuishi bila mvumo huo. Kwenye kiki ndogo, mvumo huo ndio besi yenyewe.

Sasa suala la kulegeza. Ni kweli kwamba ukilegeza ngozi sauti inashuka, ila inashuka mpaka mahali fulani. Ukipita hapo ngozi haina mkazo wa kuirudisha, inapepesuka tu kama turubai. Inchi 18 haitakupa sauti ya inchi 22 hata uifanyie maombi. Itakupa sauti iliyo juu kidogo, ya mviringo, inayotoka upesi na kukaa wazi chini ya waimbaji. Kwa ukumbi mdogo naipenda kuliko ile kubwa. Mpiga dramu wa jazi, Tony Williams, aliingia kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, na kiki aliyopigia miaka ile ilikuwa ya kampuni ya Gretsch, inchi 18, iliyokazwa juu kuliko wengi wetu tunavyothubutu. Isikilizeni. Haijaribu kuigiza kiki kubwa.

Kazi yenyewe ni hii. Fungua kila kitu, ubaki na mzinga mtupu, yaani lile pipa la mbao. Ulaze juu ya meza ya kioo au sakafu ya vigae iliyo sawa kabisa, zima taa, ingiza simu yenye tochi ndani, kisha zunguka ukiangalia ukingo kwa nje. Mwanga ukipenya mahali, pana bonde au pana uvimbe. Bonde dogo la unene wa karatasi halina neno. Likiwa kubwa, usijaribu kulisawazisha na msasa ukiwa nyumbani, mpelekee seremala mwenye meza iliyonyooka, maana ukingo ukishaharibika hakuna ngozi itakayotulia juu yake. Geuza, pima upande wa pili. Futa vumbi, sugua ukingo kidogo na mshumaa ili ngozi iteleze wakati wa kukaza, kisha weka ngozi ya nyuma na ringi yake.

Kaza skrubu zote kwa vidole, bila ufunguo, mpaka kila moja iguse. Chukua ufunguo, zungusha robo mzunguko, kisha nenda kwenye skrubu inayotazamana nayo ng'ambo, siyo ya jirani. Ukifuata majirani kwa zamu, ngozi inavutwa upande mmoja na hutaisawazisha tena mpaka uanze upya. Bonyeza katikati kwa kiganja, makunyanzi yatajitokeza pembeni; pale yalipo ndipo pa kukaza. Makunyanzi yakiisha kabisa umefika sakafuni pa sauti yake. Kwa kiki ya inchi 22 wengi huishia hapo. Kwa inchi 18 ongeza robo mzunguko kwa kila skrubu, pengine na robo nyingine. Utaogopa kwamba imepanda mno. Vumilia, bado upande wa mbele.

Kusawazisha ndiko kunakochosha, nako hakuna njia ya mkato. Laza dramu juu ya zulia ili ngozi ya chini inyamaze. Gusa katikati ya ngozi kwa kidole kimoja, kwa wepesi, halafu gonga kwa fimbo mbele ya kila skrubu, sentimita 5 hivi kutoka ukingoni. Kila mahali patoe sauti moja. Palipo chini, panda kidogo; palipo juu, shusha chini ya lengo kisha urudi kwa kukaza, usimalizie kwa kulegeza, kwa sababu skrubu iliyoishia kwenye kulegezwa huendelea kuteleza yenyewe katikati ya ibada.

Na hapa nyinyi wa kwaya mna bahati ambayo wapigaji wa bendi hawana: mnasoma solfa. Gonga ngozi ya nyuma peke yake, ile sauti iite do. Geuza dramu, kaza ya mbele mpaka iimbe mi. Ndiyo, ya mbele ikae juu kuliko ya nyuma. Zikilingana, mvumo unakuwa mrefu mno na dramu inaanza kuimba nyimbo zake. Ya mbele ikifika fa au so, mvumo unafupika na pigo linakuwa la haraka zaidi, zuri kwa mapambio ya mwendo kasi. Anza na mi, mwimbishe mwenzako wa sauti ya kwanza hizo nota mbili huku wewe ukigonga. Sikio lake litakuwa kali kuliko lako uliyezoea matoazi.

Kisha mwite mtu wa sauti ya nne, yule mwenye besi nzito kuliko wote. Simamisha kiki kama inavyokaa siku zote. Yeye ainame mbele ya ngozi ya mbele, mdomo sentimita 10 kutoka hapo, aimbe "uuu" akishuka taratibu kutoka nota ya kati hadi chini kabisa. Wewe weka ncha ya kidole kwenye ngozi ya nyuma. Kwa muda mrefu hutasikia kitu. Halafu pana mahali, na ni padogo, akipita nota hiyo ngozi itatetemeka chini ya kidole chako kana kwamba kuna nyuki ndani. Mwambie arudi hapo, akae. Hiyo ndiyo sauti ya kiki yenu kwa sasa, ngozi mbili na hewa ya katikati vikifanya kazi pamoja. Asipoifikia, kiki iko chini zaidi ya mnavyodhani na mnaweza kupanda kidogo bila woga. Akiipata kirahisi, juu ya nota anazoimba kila Jumapili, mmekaza mno, teremsheni ya nyuma kwanza. Msihangaike kuifananisha na ufunguo wa wimbo. Mpiga kinanda atahamisha ufunguo mara mbili kabla ya sadaka.

Bado itakuwa na mlio wa pembeni, kelele nyembamba inayobaki baada ya pigo. Hapa ndipo penye haki ya kuzima, lakini kwa kipimo. Nendeni kwenye mitumba, nunueni koti zito la sufu lililochakaa. Kateni utepe wa upana wa sentimita 5 au 6, mrefu kupita kipenyo cha dramu. Fungua ngozi ya nyuma, utandaze utepe juu ya mzinga, usipite katikati, upite robo ya njia kutoka pembeni, ncha zake zining'inie nje, kisha rudisha ngozi juu yake na ukaze. Utepe unabanwa kati ya ngozi na ukingo. Jambo hili lilikuwa la kawaida kwa wapiga dramu wa zamani kabla ya mito na mablanketi, na kwa kiki ndogo sijaona kilicholishinda. Ukitaka zaidi, weka utepe mwingine mbele. Sponji ya godoro waachieni waliolala.

Jambo ambalo nina uhakika hamjalitazama ni pedali. Pedali nyingi hutoka dukani kinyundo kikiwa kimepangwa kwa kiki kubwa. Katikati ya inchi 22 pako sentimita 5 juu zaidi kuliko katikati ya inchi 18, kwa hiyo kinyundo chenu kinapiga juu ya kitovu, kuelekea ukingoni, ambako hakuna besi hata kwenye dramu ya mamilioni. Unaweza kukishusha kinyundo kwenye fimbo yake, lakini fimbo ikiwa fupi pigo linapoteza uzito. Bora kuinua dramu. Kata vipande viwili vya mbao, gundisha mpira wa tairi juu na chini visiteleze, vikae chini ya ringi karibu na pedali, na urefushe miguu ya mbele ifuate. Hakikisha ringi bado inabanwa vizuri na pedali. Kinyundo kiwe cha felti, kikubwa na laini kiasi. Cha plastiki ngumu mwachieni anayepiga muziki wa metali. Na mguu ukishapiga urudi. Anayekandamiza kinyundo kwenye ngozi anaizima kwa mguu wake mwenyewe, kisha analaumu dramu.

Mkimaliza, usikilize ukiwa kwenye viti, siyo kwenye kigoda chako. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu; sauti ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 6, nalo likigonga kuta na kurudi hujijenga mahali pengine na kujifuta pengine, kwa hiyo unachosikia kigodani sicho wanachosikia vitini. Mpe mwenzako apige, wewe tembea ukumbini. Utakuta mahali besi imejaa na mahali imekufa kabisa, dramu ile ile, mguu ule ule. Sogezeni seti karibu na ukuta wa nyuma, au hata kona, msikie tofauti. Kona huongeza uzito bila kulipia shilingi. Kwenye ukumbi wenu wa matofali na bati naamini hiyo peke yake itamnyamazisha mwalimu.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni fundi mitambo kwenye hoteli moja hapa Malindi. Mpiga dramu wetu ana kiki ya inchi 16, aliibadilisha kutoka tom la chini, ile dramu inayosimama sakafuni. Hataki niweke kitu chochote ndani wala nitoboe ngozi ya mbele. Nikiinua maiki, kiki inavuma mfululizo, na nikiongeza besi inazidi kuwa ovyo. Yeye anasema tatizo ni mimi. Nani ana haki?
Fundi mitambo, Malindi

JIBU: Salama. Nyote wawili, ila yeye kidogo zaidi, usiniue.

Kuvuma mfululizo kunatokana na ngozi ya mbele kuisikia spika. Monita ya besi, yaani spika ya wapigaji wenyewe, au sabu, ile spika ya sauti nzito, ikikaa mbele ya seti inaitikisa ngozi, maiki inakamata mtikiso, spika inaurudisha, na mzunguko unaendelea. Kabla ya kugusa mikseri, hamisha monita. Igeuze isiitazame kiki, au isogeze mita moja na nusu pembeni. Kama jukwaa ni la mbao tupu chini, weka kiki na stendi ya maiki juu ya zulia nene, maana mbao nayo inapitisha mtikiso.

Kuhusu kuongeza besi, unaongeza wapi? Kiki ya inchi 16 iliyokazwa vizuri uzito wake uko juu zaidi ya unavyozoea. Ukiinua hezi 40 hauongezi dramu, dramu haina kitu huko. Unaongeza ngurumo ya jukwaa, nyayo na feni. Kata kila kitu chini ya hezi 50 hivi. Tafuta mahali inapoimba kwa kuinua ekwalaiza ukipita taratibu kati ya hezi 70 na 110, utapasikia, paongeze kidogo. Kisha punguza kati ya 300 na 400, mlio wa boksi huishi hapo. Ukiwa na geti, kile kifaa kinachoziba maiki sauti ikishuka, iweke ifunge kwa upole, isikate mvumo ghafla, la sivyo atakuja kulalamika na safari hii atakuwa na haki kamili.

Maiki iwe upande gani? Bila tundu, iweke mbele, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye ngozi, isielekee katikati bali nusu ya njia kuelekea ukingo. Ukitaka mlio wa kinyundo usikike, weka ya pili ndogo upande wa mpigaji, ikitazama pale kinapogonga, na ugeuze fezi ya mojawapo, yaani upindue wimbi lake kwenye mikseri, usikilize ipi inajaa zaidi.

Kuhusu tundu namuunga mkono. Ngozi ya inchi 16 ni ndogo mno kukatwa tundu. Unapoteza kile kile kilichomfanya aichague. Kwenye 18 ningekubali shingo upande: tundu la sentimita 10, liwe pembeni, lisiwe katikati. Wanaotumia kisu huacha mpasuko mdogo ambao baada ya mwezi unakimbia mpaka ukingoni. Tafuta kopo tupu la maziwa ya unga lenye mdomo wa kipimo hicho, lishike kwa koleo, lipashe mdomo wake kwenye jiko la mkaa mpaka uive, kisha ulikandamize kwenye ngozi mara moja bila kusita. Plastiki inayeyuka na kuacha ukingo mviringo usiochanika. Fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta.

SWALI: Mwanangu fundi, salaam. Mimi ni mzee wa ngoma hapa Bagamoyo. Wajukuu wana seti ya kizungu yenye kiki ndogo, ngozi ya kupigia imepasuka na bei ya mpya wanaiona kubwa. Nina ngozi safi ya mbuzi. Nimewamba ngoma maisha yangu yote. Je, hii nayo niwambe?
Babu, Bagamoyo

JIBU: Shikamoo babu. Kuwamba siwezi kukufundisha, ningekuja mimi nikae chini yako. Nitasema tu yale ya hii dramu ya skrubu.

Inawezekana, na siyo jambo geni. Seti zote za dramu zilikuwa na ngozi za wanyama, hasa za ndama, mpaka plastiki ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1950. Sauti yake ni nene na haina ule mlio wa pembeni ambao vijana wanaufukuza kwa blanketi. Ila ushauri wangu ni usiiweke upande wa kupigia. Kinyundo cha pedali kinagonga mahali pamoja tu usiku kucha, na mbuzi ni mwembamba. Chukua plastiki nzima iliyoko mbele uihamishie nyuma, ubandike kiraka cha ngozi ngumu pale kinyundo kinapotua, kisha mbuzi wako akae mbele. Wajukuu hawatanunua kitu.

Ngozi hii haifungwi kwa kamba wala haipigiliwi vijiti. Inataka ringi yake ya ndani. Mchomelea vyuma akukunjie nondo ya milimita 6 iwe duara lililokamilika, pana kuliko mzinga kwa nusu sentimita tu, liingie chini ya ringi ya mbao bila kubana. Ngozi ikisharoweka usiku mzima, izungushe kwenye hiyo nondo, pindo liingie ndani, uivalishe mzinga, urudishe ringi ya mbao na ukaze kwa vidole tu. Ikauke kivulini, polepole, ikiwa juu ya mzinga. Ukiikaza mbichi itakauka na mkazo wote na kubaki haina pa kupanda. Ikishakauka ndipo ufunguo uanze.

Kuna tabia moja ya zamani naomba uiache mlangoni, nayo ni moto. Msondo unausogeza kwenye makuti yanayowaka na unarudi umekaza. Mzinga huu ni wa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, rangi yake inapasuka na gundi inaachia, na nyuma kuna plastiki. Jua la dakika chache linatosha. Masika, na upepo wa bahari ulio nao hapo, italegea kila jioni, kwa hiyo ufunguo ukae mfukoni mwa mpigaji. Kiangazi fanya kinyume: shughuli ikiisha legeza nusu mzunguko, isije ikapasuka usiku yenyewe.

SWALI: Fundi, nataka kununua ngozi mpya ya kiki ya inchi 18. Kariakoo nimeambiwa nichukue ile nene ya tabaka mbili kwa sababu inadumu. Nichukue?
Mpiga dramu, Morogoro

JIBU: Kudumu inadumu. Lakini tabaka mbili kwenye dramu ndogo ni mzigo, ngozi inachelewa kuondoka na mvumo wake unakufa mapema. Chukua ya tabaka moja, na kama unaogopa mvumo chukua ile yenye ringi nyembamba ya kuzima pembeni, kama Remo Powerstroke 3, au Evans EMAD yenye sponji ya kuvaa na kuvua. Ukipata iliyopakwa weupe wa kukwaruza, bora zaidi kwa rumba na kwaya. Mbele weka tabaka moja ya kawaida, isiyo na tundu.

Kabla hujapanda basi, pima mzinga wenyewe, ukingo mpaka ukingo, ringi ikiwa imetolewa. Inchi 18 ni sentimita 45.7. Wengi hupima juu ya ringi ya mbao, wakapata zaidi ya inchi 19, wakarudi Morogoro na ngozi ya inchi 20 inayocheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto, na muuzaji akishafungua mfuko wake harudishi pesa.